Spika Haijafa, Kilichooza ni Ringi

Wiki ile bumu linapotoka, kila korido ya hosteli ina mjadala wa sabufa. Nani kanunua ipi, ina wati ngapi, inatikisa dirisha au haitikisi. Wakati huohuo, chini ya vitanda na kwenye stoo za nyumbani kwetu kumelala spika nzuri za zamani: maboksi mazito ya mbao yaliyoachwa na baba au mjomba, au yaliyonunuliwa used enzi hizo. Zilianza kukoroma, besi ikapotea, mtu akasema "hizi zimekufa", ikawa basi. Hata kwenye kumbi za wanafunzi ni vilevile. Spika ikikoroma, hoja ya kwanza kikaoni ni kununua nyingine, na hela inayonunua ni yetu sote.

Sasa sikiliza. Spika ya namna hiyo mara nyingi ni nzima kwa sehemu kubwa. Sumaku ipo, koili ipo, boksi lipo. Kilichooza ni kipande kimoja chepesi, cha bei ndogo kuliko vyote, ambacho hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukibadilisha kwa mikono yake akitulia. Lakini ukiendelea kupiga muziki wakati kipande hicho kimeoza, kitakuulia koili, na koili ikifa kwa kuunguana inaweza kuondoka na amplifaya yako. Kwa hiyo ni jambo la kujua mapema.

Ringi ni nini

Ukivua kile kitambaa cha mbele cha spika utaiona woofa, ile spika kubwa ya besi. Muundo wake haujabadilika sana tangu Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric ya Marekani, walipouelezea mwaka 1925. Nyuma kuna sumaku. Ndani ya mwanya mwembamba wa sumaku inaning'inia koili, yaani waya uliozungushwa kwenye kopo dogo jepesi. Koili imegundishwa kwenye koni, ile "sahani" ya karatasi au plastiki unayoiona ikicheza. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, sumaku inaivuta na kuisukuma, koni inakwenda mbele na nyuma, hewa inatikisika, nawe unasikia.

Koni lazima ishikiliwe na kitu, ila kitu hicho kisiizuie kutembea. Inashikiliwa sehemu mbili. Kwa nyuma, karibu na koili, kuna kitambaa cha mviringo chenye mikunjomikunjo, kinaitwa spaida. Kwa mbele, ukingoni mwa koni, kuna kitu laini chenye mgongo kama nusu bomba, kinachounganisha koni na fremu ya chuma. Wengine wanakiita mpira, wengine sponji. Mimi hapa nitakiita ringi.

Ringi ina kazi tatu. Kwanza, ikisaidiana na spaida, inaiweka koili katikati ya ule mwanya. Nafasi iliyopo kila upande wa koili haifiki hata milimita moja, kwa hiyo koni ikilala upande kidogo tu, koili inasugua chuma. Pili, inaziba hewa. Koni ikisukuma hewa kwa mbele, kwa nyuma inavuta; pande hizo mbili zikikutana kupitia tundu zinafutana, na kinachofutika kwanza ni besi. Tatu, inameza mitetemo inayofika ukingoni mwa koni ili isirudi katikati na kuichafua sauti.

Kwa nini inaoza

Zamani ringi nyingi zilikuwa karatasi au kitambaa kilichokunjwa, kigumugumu. Spika za namna hiyo zilitaka maboksi makubwa ili zitoe besi ya maana. Mwaka 1954, Edgar Villchur akiwa na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, Marekani, wakatoa spika iliyoitwa AR-1. Wazo la Villchur lilikuwa hili: badala ya kutegemea ringi na spaida ngumu kuirudisha koni, hewa iliyofungiwa ndani ya boksi ndiyo iwe springi. Likafanya kazi. Boksi la kukaa kwenye rafu likaanza kutoa besi iliyokuwa inahitaji boksi la ukubwa wa kabati.

Lakini ili hewa iwe springi, ringi lazima iwe laini sana, karibu isiwe na ubishi wowote. Baadaye watengenezaji walipotafuta kitu laini, chepesi na rahisi kukitia kwenye umbo, waliangukia sponji ya poliyurethani. Miaka ya 1970 na 1980 ilitapakaa, kuanzia spika za bei mbaya hadi za redio kaseti za sebuleni.

Ulaini huohuo uliotuletea besi ndio uliotuletea kuoza. Sponji nyingi za wakati ule zilikuwa za poliyesta, na molekuli zake zimeungwa kwa viungo vya esta. Nyie wa kemia mnajua kinachofuata: esta ikikutana na maji inavunjika, unabaki na asidi na alkoholi. Siyo lazima spika imwagiwe maji. Unyevu wa hewani unatosha. Mbaya zaidi, asidi inayozaliwa hapo inaharakisha uvunjikaji wa sehemu iliyobaki. Ndiyo maana ringi inaweza kukaa miaka mingi ikionekana freshi, halafu ndani ya muda mfupi ikamalizika kabisa.

Kwa kawaida ringi ya sponji hudumu miaka 10 hadi 20. Huku kwetu pwani, iwe Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa, joto na unyevu vinausogeza muda huo upande wa chini. Jua la dirishani nalo linaongeza. Na kwa sababu adui ni hewa yenyewe, ringi inaoza hata kama spika haijapigwa. Muuzaji akikuambia "hizi zilikaa stoo tu, hazijaguswa tangu zinunuliwe", hajakuambia chochote kuhusu ringi. Vua kitambaa, angalia kwa macho yako kabla hujatoa hela.

Ringi zote haziozi hivyo. Spika kubwa za muziki wa ukumbini kwa kawaida zina ringi ya kitambaa chenye mikunjo kilichopakwa dawa, na hizo hukaa mno. Nyingine zina ringi ya mpira halisi, inayong'aa kidogo na kurudi haraka ukiibonyeza. Hizo nazo zinadumu kuliko sponji, ingawa zikizeeka zinaweza kukakamaa au kuachia gundi.

Dalili, na cha kufanya siku hiyohiyo

Dalili ya kwanza inasikika: besi inakuwa nyembamba, na kwenye mpigo mzito kunatokea mkoromo au sauti ya kitu kinachokwaruza. Watu wengi wakisikia hivyo wanaongeza besi kwenye amplifaya. Hapo ndipo wanapoiua.

Dalili ya pili inaonekana. Vua kitambaa cha mbele, mulika na tochi ya simu. Ringi iliyoanza kuoza inabadilika rangi, ina nyufa ndogo kwenye mgongo, au imeachia sehemu moja. Iguse taratibu kwa ncha ya kidole. Ikinata kama gundi isiyokauka, au ikibomoka kama keki ya juzi, imekwisha.

Ukishaona hivyo, zima. Usiseme "ngoja niimalizie sherehe ya Jumamosi". Koili inayosugua chuma inachubuka ile rangi inayotenganisha waya na waya, zinagusana, ukinzani unashuka, umeme unazidi, na hapo amplifaya nayo iko hatarini. Ringi ni hasara ndogo. Koili iliyoungua ni hasara ya woofa nzima.

Itengenezwe au iachwe?

Siyo kila spika inastahili jasho. Kabla ya kununua chochote, fanya vipimo viwili.

Cha kwanza ni cha mkono. Weka vidole vya mikono miwili kwenye koni, pande zinazokabiliana, karibu na katikati. Ibonyeze taratibu kwenda ndani, nguvu ziwe sawa pande zote, kisha iachie. Kama inakwenda na kurudi kimya, koili iko salama. Kama inakwaruza hata ukiibonyeza sawasawa, huenda koili imevimba kwa joto au sumaku imehama, pengine spika iliwahi kuanguka.

Cha pili ni cha multimita, na ukikosa ya kwako, wana uhandisi hawatakunyima. Chomoa nyaya za woofa, pima ukinzani kwenye vituo vyake viwili. Woofa iliyoandikwa omu 8 kwa kawaida itasoma kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4 itasoma 3 na pointi kadhaa. Usishtuke kwamba namba ni ndogo kuliko iliyoandikwa. Multimita inapima umeme wa betri, wakati ile 8 ni makadirio ya umeme wa muziki. Ikisoma karibu na sifuri, koili imeungana. Isiposoma kabisa, imekatika.

Kama vipimo vyote ni vizuri na boksi ni la maana, tengeneza. Kama koili imekufa, au spika yenyewe ni kiboksi cha plastiki ambacho hata kikiwa kipya hakikuwa na kitu, hela yako ibaki mfukoni. Kwa kamati za ukumbi ushauri ni uleule: kabla ya kupitisha manunuzi, mtu mmoja avue kitambaa, apime, aandike alichokiona. Ni kazi ya nusu saa.

Kiraka cha silikoni

Kuna njia ya mkato inayopendwa sana. Mtu anachukua silikoni ya madirisha, gundi ya viatu, au kitambaa kilicholowekwa gundi, anaziba palipochanika. Mkoromo unapungua, anafurahi. Kwa wiki chache.

Tatizo la kiraka ni ugumu na uzito. Nyie wa fizikia mnakumbuka: kasi ya mtetemo wa kitu kilichoshikwa na springi inafuata kipeuo cha pili cha ugumu wa springi ukigawanya kwa uzito wa kitu. Tuchukue woofa ambayo ikiwa nje ya boksi inatetemeka yenyewe mara 30 kwa sekunde. Kiraka kikiufanya ugumu wa jumla uwe mara nne, mtetemo unapanda mara mbili, unakuwa 60. Chini ya hapo sauti inaporomoka haraka. Sasa uzi mnene kuliko wote kwenye gitaa la besi lenye nyuzi nne, ukipigwa wazi, unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Maana yake noti hiyo ipo kwenye rekodi, ila kwako inafika imekatwa miguu. Na kwa kuwa kiraka hakikai sawa pande zote, koni inavutwa upande mmoja, koili inarudi kulekule kwenye kusugua.

Kwa sababu hiyohiyo, ringi mpya ifanane na ya zamani. Ilikuwa sponji, weka sponji. Ringi ya mpira itadumu zaidi, kweli, lakini ni nzito na tabia ya spika itabadilika. Ringi ya kitambaa kigumu ya spika za ukumbini usiiweke kabisa kwenye woofa ya nyumbani. Halafu badilisha zote mbili, kushoto na kulia, hata kama moja bado inajikongoja. Zina umri mmoja, na besi ya pande mbili inatakiwa ifanane.

Kazi yenyewe

Tafuta ringi kwa vipimo, siyo kwa kusema "inchi nane". Woofa mbili za inchi nane kutoka kampuni mbili zinaweza kupishana milimita kadhaa, na milimita hizo ndizo zinazoharibu kazi. Pima kipenyo cha koni kutoka ukingo hadi ukingo, kipenyo cha nje pale ringi inapokalia fremu, na upana wa mgongo wake. Angalia pia kama ringi ya zamani imegundishwa juu ya koni au chini yake. Piga picha. Ukiwa Dar unaanzia Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya spika, ukiwa Nairobi unaanzia Luthuli Avenue. Nenda na woofa yenyewe mkononi kama unaweza.

Kabla ya kuitoa woofa kwenye boksi, weka alama waya upi ulikuwa kwenye chanya. Kisha bandua polepole ile pete ya kadibodi au plastiki iliyo juu ya fremu, uitunze. Kwangua mabaki ya ringi kwa kisu butu na pamba yenye spiriti kidogo. Koni ya karatasi usiiloweshe, italegea. Fanya kazi hii bila haraka, maana gundi mpya haishiki juu ya uchafu wa zamani.

Gundi ni nusu ya kazi. Kwa ringi ya sponji na koni ya karatasi, tumia gundi nyeupe ya spika, ile inayokauka ikawa angavu na kubaki inakunjika. Kwa koni ya plastiki au ringi ya mpira, uliza gundi inayoshika vitu hivyo. Supaglu hapana. Inakauka ngumu na inapasuka, tena haikupi nafasi ya kurekebisha.

Anza na koni. Paka gundi nyembamba, laza ringi, bonyeza kwa vidole ukizunguka, acha ishike vizuri. Upande wa fremu unafuata, na hapo ndipo roho ya kazi ilipo, kwa sababu ndipo unapoamua koili itakaa wapi. Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya vipande. Kata kwa wembe kile kifuniko cha mviringo kilicho katikati ya koni, ukiacha ukingo mdogo wa kukirudishia. Utaiona koili na chuma kilicho ndani yake. Kata vipande vyembamba vya plastiki, kwa mfano ile plastiki angavu unayofungia ripoti ya field, uvisokomeze kati ya koili na chuma pande nne zinazolingana. Sasa koili haiwezi kwenda upande. Gundisha ringi kwenye fremu, bana kwa vibanio vya nguo, acha ikauke, kisha toa vipande na urudishe kifuniko.

Njia ya pili haikati kitu. Unganisha woofa kwenye amplifaya, sauti chini kabisa, cheza kwenye simu mlio wa mitetemo 30 kwa sekunde. Koni itacheza taratibu. Wakati gundi ya upande wa fremu bado mbichi, sogeza ringi kidogokidogo huku ukisikiliza. Ikikwaruza, rudi ulikotoka. Ikiwa kimya pande zote, iache hapo ikamate. Njia hii ni rahisi, lakini inataka sikio na chumba kilichotulia. Usiifanye mwenzako akiwa anatazama mechi.

Acha saa 24. Najua utatamani kusikia, lakini acha. Kisha rudia kipimo cha mkono. Mwisho chukua betri ya redio ya volti 1.5, gusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwa sekunde moja. Koni itoke nje. Fanya hivyo kwa zote mbili kabla ya kufunga, kwa sababu ukiunganisha moja kinyume, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inafutika, na utadhani ringi mpya ni mbovu.

Ukienda kwa fundi

Kama mikono yako haijatulia, nenda kwa fundi, hakuna aibu. Ila usimtupie spika mezani na kusema "tengeneza hii". Mwambie unachojua: "Shikamoo, fundi. Koili nimeipima iko nzima, ringi ndiyo imeoza. Naomba kubadilisha zote mbili, sitaki kiraka. Koili utaiweka katikati kwa njia gani?" Fundi mzuri atafurahi kukueleza, na pengine atakuonyesha kitu ambacho makala hii haina. Akikujibu kwamba silikoni inatosha, mshukuru, chukua spika yako, uende duka la pili. Na bei mkubaliane kabla skrubu ya kwanza haijafunguliwa.

Zikirudi nyumbani, ziweke mbali na dirisha la jua na mbali na ukuta unaotoa unyevu. Usizipake mafuta wala dawa ya kung'arishia dashibodi, sponji haihitaji. Andika tarehe ya matengenezo kwa kalamu nyuma ya boksi. Ringi mpya ya sponji nayo itaoza siku moja, na atakayekuwa nazo wakati huo, awe mdogo wako au mwanafunzi wa chumba hichohicho, atajua pa kuanzia.